Sare kwenye Hatua ya Ishirini na Moja

Saa nane kasoro dakika kumi mchana, Jumamosi ya pili ya mwezi wa tisa, Papa Katsuva, mwamuzi wa siku hiyo, alifuta meza ya fainali kwa kitambaa chenye maji, akaikausha kwa kingine, kisha akaanza kupanga sataranji. Alikuwa na duka la dawa karibu na soko, na vipande vya mchezo alivishika kama alivyozoea kushika vidonge, kwa ncha za vidole viwili. Ukumbi wa parokia, hapo Saio, mtaa mmoja wa mji wa Bunia, ulikuwa na watu kama sitini. Nje pikipiki zilipita bila kukoma, na kila ilipopita moja, vioo vya madirisha vilitetemeka.

Waliofika fainali walikuwa wawili. Wa kwanza ni Léonie, mwalimu wa hesabu, mwenye miaka arobaini na mitatu. Miaka minne iliyopita alikuwa akiishi katika kijiji kimoja chini ya Kpandroma, mpaka alfajiri moja kijiji kikachomwa. Alikimbia akiwa amemshika mkono binti yake Abigaël, aliyekuwa na miaka saba. Katikati ya shamba la mahindi mkono ule mdogo ukamponyoka. Léonie alirudi nyuma mara tatu, akaita, moshi ukamzuia. Tangu siku hiyo hakupata mtu wa kumwambia kama mtoto yuko hai au amekufa. Huku Saio, alikopanga chumba, majirani walimwita Mama Abi, naye aliitika.

Wa pili ni Bruno, daktari wa ng'ombe, aliyekuwa mdogo kwake kwa miaka mitano. Ukoo wake ni wa wafugaji. Mwaka uleule mdogo wake, Yannick, alitoka asubuhi na ng'ombe kumi na wanane, na jioni wakarudi ng'ombe watatu peke yao. Watu wa kijiji cha Léonie walisema waliowachoma ni watu wa Bruno. Watu wa Bruno walisema waliomchukua Yannick ni watu wa Léonie. Wao wawili hawakuwahi kuligusa jambo hilo. Walikuwa wamesoma shule moja ya misheni, na sataranji walifundishwa na padri mmoja, Abbé Zacharie, ambaye sasa ni marehemu.

Abbé Zacharie aliwafundisha namna moja tu ya kuanza. Alisema kusukuma pioni za katikati mara moja ni kumpiga mtu kabla hujamsalimia. Mtu mwenye adabu huanzia pembeni: anasogeza pioni ya safu ya tatu, anatoa farasi, anafungua kijidirisha karibu na mfalme na kumweka hapo mwendawazimu, anayetazama ubao wote kwa mshazari. Wengine kipande hicho hukiita askofu, lakini wao walijifunza kwa Kifaransa, na kwa Kifaransa ni mwendawazimu. Malkia walimwita bibi.

Mshindi wa siku hiyo angepewa kombe, na tiketi ya ndege ya kwenda Kinshasa kucheza mashindano ya taifa. Kombe Léonie hakulitaka. Alikuwa amesikia kwamba Kinshasa kuna ofisi yenye orodha ya watoto waliookotwa sehemu zote za vita, wenye majina na picha, na kwamba orodha hiyo haiangaliwi kwa simu, ni lazima mtu afike mwenyewe. Hilo ndilo lililomfanya ashinde michezo mitano kabla ya kufika hapa.

Tiketi, kombe, viti vya plastiki na soda vilitolewa na mfanyabiashara mmoja ambaye kila mtu alimwita Patron. Alikuwa na malori matatu, watu wakiyaita kamyo, yanayopanda milimani na kushuka. Siku hiyo aliketi mbele kabisa, kwenye kiti chenye mikono, amevaa shati jeupe lililopigwa pasi vizuri.

"Mupeane mukono," alisema Papa Katsuva. "Telefone yote mufunge. Madame iko na vyeupe. Muanze."

Léonie alisogeza pioni ya safu ya tatu hatua mbili. Bruno akasogeza ya kwake vilevile. Léonie akatoa farasi, Bruno akatoa farasi. Vijidirisha vikafunguliwa, wendawazimu wakaingia. Wafalme wakajificha pembeni nyuma ya minara. Kwa hatua tisa ubao ulikuwa kama mtu na kivuli chake majini. Watazamaji wasiojua mchezo walianza kupiga miayo. Wanaojua walitulia, kwa maana hali ya namna hiyo haivunjiki bila mtu kula.

Kwenye hatua ya kumi Léonie alisogeza pioni ya safu ya pili mpaka ikakaa mdomoni mwa pioni ya Bruno. Bruno alifikiri dakika nne, kisha akaila. Aliiweka pioni nyeupe kando ya ubao, akabonyeza saa.

Mlango ukafunguliwa, akaingia Muzee Étienne.

Muzee Étienne alikuwa katekista katika kijiji cha Léonie. Alikufa alfajiri ileile, mbele ya kanisa, akiwa na funguo mkononi. Sasa alisimama mlangoni, funguo bado mkononi, udongo mkavu masikioni, akitafuta pa kukaa. Papa Katsuva alimwona, akachukua kiti kutoka kwenye rundo lililokuwa ukutani, akakiweka nyuma ya Léonie.

"Asanti, mutoto yangu," alisema mzee, ingawa Papa Katsuva alikuwa na miaka zaidi ya sitini. Akaketi.

Léonie alimtazama, akamwinamishia kichwa kwa heshima. Kisha akageukia ubao, akala pioni iliyokula ya kwake. Mlango ukafunguliwa tena, akaingia Destin, binamu yake Bruno, aliyekuwa mchungaji wa ng'ombe. Nguo zake zilikuwa zinadondosha maji, ingawa Bunia mvua haikuwa imenyesha tangu Jumatano. Bruno akasogeza kiti chake kidogo ili Destin apite. Destin akaketi nyuma yake, fimbo kati ya magoti.

Hapo watu ukumbini walielewa utaratibu. Papa Katsuva alifungua kijitabu cha sheria, akapitia kurasa zote, hakuona kifungu. Akaamua kuwahesabu kama watazamaji, na akatangaza kwamba watazamaji wote, bila kubagua, hawana ruhusa ya kuongea.

Bruno akasogeza pioni yake ya safu ya pili, kama alivyofanya mwenzake. Léonie akaila, na akaingia Rébecca, shangazi yake Bruno, kanga imeungua upande mmoja. Bruno naye akala, na akaingia Véronique.

Véronique alikuwa jirani wa Léonie, nyumba kwa nyumba. Walikuwa wakiazimana chumvi. Alikuja polepole, akishikilia blauzi yake kwa nyuma, kwa sababu ilikuwa imepasuliwa mgongoni na matundu manne. Alipoketi, Léonie alisahau saa inayomhesabia, akageuka mzima mzima.

"Véro," alinong'ona. "Abi, ulimuona?"

"Nilimuona. Alikuwa anakimbia kwenda ku muto."

"Na kisha?"

"Kisha sijuwe, Mama Abi. Pale mie nilikuwa nimekwisha kufa."

"Alikuwa na viatu?"

Véronique alifikiri. Alikuwa mtu mkweli tangu zamani.

"Kimoja," alisema.

"Madame," alisema Papa Katsuva kwa sauti ya chini. "Hakuna kuongea na watazamaji."

"Pardon, Papa."

Léonie alirudi kwenye mchezo. Aliwaza kwamba kuna jambo moja tu linaloweza kumjibu swali lake leo, nalo ni kuliwa. Kila kipande chake kitakachotoka kitaleta mtu. Asipoingia Abigaël, huenda yuko hai. Akiingia, basi. Hakujua anataka lipi. Alisogeza pioni ya katikati, Bruno akasogeza ya kwake, na kwa hatua kadhaa hakuna aliyekula.

Katika utulivu huo Muzee Étienne alimtambua Patron. Wafu wanne walikuwa wameketi karibu na safu ya mbele, na mzee akawa anamtazama kwa upande kama mtu anayetafuta jina. Hatimaye akainuka, akamwendea, akamwinamia kidogo.

"Jambo, Patron. Nilikusahau juu ya ile shati. Ile siku ulivaa koti ya mvua."

"Jambo, muzee," alisema Patron.

"Mulituletea magunia na kamyo. Mulisema iko maharagi, tubakishe mu kanisa mpaka vijana batakuja kukamata. Siku ya mardi."

"Ndiyo, njo vile. Rudi ukae, muzee, utachoka."

Rébecca, aliyekuwa upande wa pili, alisikia. Hakuinuka, kwa sababu kanga yake ilikuwa haitoshi, lakini alisema kwa sauti ya kawaida kutoka pale alipoketi:

"Na kwetu alileta. Kamyo ile ile. Kwetu ilikuwa siku ya jeudi."

"Maharagi?" aliuliza Muzee Étienne.

"Siye alituambia mahindi."

Destin alikubali kwa kichwa. Ndiye aliyesaidia kushusha. Alisema gunia moja lilipasuka, na kilichoanguka kilikuwa cha chuma, si mahindi.

Ukumbi mzima ulisikia. Mwanamke mmoja alishusha macho akaangalia simu aliyoambiwa aizime. Mwenyekiti wa mtaa alikohoa. Msichana aliyekuwa anagawa soda alipita safu ya mbele, na Patron akachukua Fanta, akamwomba na mrija. Papa Katsuva akagonga meza kwa kalamu.

"Silence," alisema, na wote wakanyamaza, walio hai na waliokufa.

Bruno alikuwa ameinamisha kichwa. Léonie aliona vidole vyake vikiwa juu ya farasi, bila kumgusa. Kwa miaka minne yeye alikuwa anadhani jina la kulaumu ni la kina Bruno, na Bruno vilevile alikuwa na la kina Léonie. Sasa walikuwa na jina moja wote wawili, na mwenye jina alikuwa anakunywa Fanta umbali wa mita tatu.

Kwenye hatua ya kumi na saba Bruno alikula farasi wa Léonie. Hakuwa na njia nyingine. Asingekula, ubao wake ungebomoka. Alikiweka kipande mezani taratibu sana, kana kwamba ukimya ungeweza kumzuia mtu asije.

Safari hii mlango haukufunguliwa mara moja. Kwanza zilisikika hatua kwenye veranda. Zilikuwa hatua ndogo, za haraka, za mtoto, na mguu mmoja ulisikika tofauti na mwingine.

Léonie alisimama. Kiti chake kilianguka. Muzee Étienne alikiinua, akakishikilia. Papa Katsuva alimwacha asimame, ingawa sheria inamtaka mchezaji akae.

Mlango ukasukumwa kutoka chini, pale mkono wa mtoto unapofika. Akaingia msichana wa miaka kama saba, na mguu mmoja ulikuwa umefungwa kitambaa. Alikuwa Grâce, mjukuu wa mama mmoja wa kijiji cha ng'ambo ya mto. Léonie alikuwa amemfundisha kuhesabu mpaka mia moja. Alisimama akitazama watu, kisha akamwona mwalimu wake.

"Jambo, Madame."

"Jambo, Grâce," alisema Léonie. "Njoo."

Léonie alikaa, na mtoto akaja kusimama karibu naye, kwa sababu kiti alichowekewa kilikuwa kirefu mno. Léonie alimtengenezea kola ya gauni. Alihisi furaha kwamba mtoto huyu si Abigaël, na furaha hiyo ikamwaibisha kiasi kwamba hakuweza kumtazama usoni. Dakika sita za saa yake zikapotea hivyo.

Kisha akala farasi wa Bruno, maana mchezo ulidai hivyo. Bruno aligeuka mlangoni akiwa ameshika ukingo wa meza. Akaingia mwalimu mmoja mwenye miwani iliyovunjika kioo kimoja, rafiki wa baba yake. Bruno alipumua kwa nguvu mpaka pioni moja ikayumba.

Hatua nne baadaye mabibi wawili walikuwa wanatazamana kwenye mstari mmoja, hakuna kitu kati yao. Ilikuwa zamu ya Léonie. Alihesabu kama anavyowahesabisha wanafunzi, njia baada ya njia. Akimla bibi wa Bruno, bibi wake ataliwa. Akimhamisha, mwendawazimu wa Bruno ataila pioni. Akisogeza mnara, mabibi wataliana tu, zamu ikiwa ya mwingine. Kulikuwa na hatua ishirini na tisa zinazoruhusiwa, na baada ya kila moja kulikuwa na mtu wa kupita mlangoni.

Alihesabu pia jambo jingine, kwamba hatua moja kati ya hizo ilikuwa nzuri. Alikuwa na dakika kumi na moja, Bruno alikuwa na tatu. Angeweza kushinda. Kinshasa ilikuwa pale, kwenye ubao, kama hatua tisa mbele. Lakini ili kufika kwenye orodha ya watoto walio hai ingebidi aupitie mlango huu wa watoto waliokufa, mara tano au sita, na kila mara asikilize hatua kwenye veranda.

Aliinua macho. Bruno alikuwa anamtazama.

"Yaya Léonie," alisema polepole, akimwita dada mkubwa kama zamani shuleni. "Yannick alikuwa anapiga mluzi akitembea. Mie nikisikia ule mluzi pale inje, sitaweza."

"Hata mie sitaweza."

"Sasa tufanye nini?"

"Tuseme nul."

Bruno alinyoosha mkono kabla Léonie hajamaliza kusema. Papa Katsuva aliandika kwenye karatasi kwamba mchezo umekwisha sare, hatua ya ishirini na moja, kwa makubaliano ya wachezaji, akaangalia saa na kuandika pia saa.

Patron alisimama.

"Hapana," alisema. "Kombe iko moja, billet iko moja. Mucheze ingine, ya dakika tano tano, mutu mumoja ashinde. Watu wamengoja."

"Sheria inaruhusu sare, Patron," alisema Papa Katsuva.

"Papa Katsuva, sheria ni yako. Kombe ni yangu."

"Hatuchezi tena," alisema Léonie.

"Juu ya nini?"

Léonie alitazama ukutani, mahali ambapo rundo la viti lilikuwa.

"Viti vimekwisha," alisema.

Patron alitazama, akaona kweli vimekwisha. Alikunja uso kidogo, kama mtu aliyefanya hesabu ya wageni vibaya, kisha akacheka na kushika maikrofoni. Alisema mashindano haya ni mashindano ya amani. Alisema leo watoto wa Ituri wameonyesha mfano, kwa sababu hakuna aliyeshinda na hakuna aliyeshindwa. Watu wakapiga makofi. Wafu nao walipiga makofi, kwa kuwa walikuwa watu waliolelewa vizuri, isipokuwa Rébecca, aliyekuwa ameshikilia kanga. Baada ya hotuba Patron alibeba kombe mwenyewe mpaka kwenye gari lake, na tiketi ikarudi mfukoni mwake.

Bibi yake Grâce aliitwa kutoka kambi ya wakimbizi. Alifika kwa pikipiki, akamtazama mjukuu wake kuanzia kichwani mpaka kwenye kitambaa cha mguu, akamfunga mgongoni ingawa alikuwa mkubwa, wakaondoka. Mwalimu mwenye miwani alisema anataka kwenda kuona kama shule yake ina paa, akaenda kwa miguu. Wanne waliobaki walisema wako tayari kusema walichokisema, mahali popote patakapohitajika.

Kwa hiyo Jumatatu asubuhi Léonie na Bruno waliwapeleka kwenye ofisi moja ya serikali inayopokea mashtaka. Walipanga foleni tangu saa moja. Watu wa foleni waliwapisha Rébecca na Muzee Étienne wakae kwenye benchi, kwa ajili ya umri. Saa nne wakaingia ndani. Karani alikuwa mwanamke kijana mwenye sauti laini. Aliwasikiliza wote mpaka mwisho, hakumkatiza hata mmoja, na jina la Patron lilipotajwa hakustuka. Aliomba tu warudie tahajia.

Kisha akaweka kalamu chini.

"Bako na acte de décès?" aliuliza. "Karatasi ya kifo?"

"Hawana," alisema Bruno. "Hakuna mutu aliwaandikia. Hata kaburi hawana."

"Basi ku serikali bangali wazima."

"Waandike kama wazima," alisema Léonie. "Wako hapa, wanaongea."

"Madame, naona kama wanaongea. Lakini nisikilize vizuri. Kama walikufa, hawawezi kutoa ushahidi, sheria haina namna. Na kama wako wazima, basi hakuna mutu aliwaua. Sasa niandike kosa gani?"

Destin alitazama fimbo yake. Muzee Étienne alisema labda waandike juu ya magunia tu, waache vifo. Karani akauliza magunia yako wapi. Mzee akasema yaliungua na kanisa. Karani akawapa pole, na alikuwa na huruma ya kweli, kwa sababu aliinuka mwenyewe kumletea kila mmoja maji, akaweka glasi nne mezani mbele ya wale wafu wanne. Hawakuyanywa.

Nje, kwenye kivuli cha ukuta, Bruno alisimama na kofia yake mkononi.

"Yaya, ungelishinda," alisema. "Mie niliiona ile hatua. Mnara wako ulikuwa unaingia nyuma."

"Niliiona."

"Ungelikwenda Kinshasa."

"Bruno, peleka shangazi yako nyumbani. Jua ni kali."

Bruno aliwachukua Destin na Rébecca mpaka kwa mama yake. Mama yule alifungua lango, akahesabu waliosimama, akauliza kama Yannick yumo. Bruno akasema hayumo. Mama akasema Mungu asifiwe, akaenda kuwasha moto. Hilo Bruno alimsimulia Léonie baadaye.

Léonie aliishi na Muzee Étienne na Véronique katika chumba kile cha Saio. Hawakula, lakini walisaidia. Mzee alifagia ua. Véronique alimenya mihogo na kutwanga sombe, majani yake, akaketi daima mgongo ukutani kwa sababu ya blauzi. Majirani waliwasalimu. Mwenye nyumba alitaka tu kujua majina yao, ili chifu wa avenue asije akauliza. Mchana Léonie alifundisha; jioni, kabla ya giza, alisahihisha madaftari, na mtoto akipita barabarani akikimbia, aliacha kalamu hewani. Véronique alichungulia dirishani kwa ajili yake.

"Hapana," alisema kila mara. "Ule iko muzima, ni wa jirani."

Wiki ya tatu kijana mmoja wa kazi wa Patron alifika kwa gari. Alikuwa na katoni ya fulana za manjano, mpya, zilizochapwa jina la Patron kifuani na neno amani mgongoni. Alisema Patron anagawia wageni wote wa siku ya fainali, kwa sababu ameona nguo zao zimechakaa, na yeye hapendi kuona watu wa Ituri wakiwa hivyo. Alimpa Muzee Étienne moja. Alimpa Véronique moja, naye akaivaa palepale juu ya blauzi yake, akageuka akauliza kama matundu yanaonekana. Léonie akamwambia hayaonekani. Ilikuwa mara ya kwanza tangu afike kwamba Véronique aliketi bila kuegemea ukuta.

Kijana akachomoa fulana ya tatu, akamnyooshea Léonie. Ilikuwa ndogo.

"Mumekosea," alisema Léonie. "Grâce haishi hapa. Iko na bibi yake kule site ya wakimbizi."

"Ya Grâce tulishapeleka asubuhi, Madame. Hii ni ya kwenu. Patron mwenyewe njo alichagua. Alisema ya Mama Abi ni tatu."

"Mie sijapata kumuambia Patron kama niko na mutoto."

Kijana aliinua mabega. Yeye alitumwa tu. Akafunga katoni, akawaaga wote, akamwamkia mzee, na gari likageuka kwenye kona.

Léonie aliingia ndani, akaikunjua fulana kitandani. Abigaël angekuwa na miaka kumi na moja sasa. Kwa wanafunzi wake wa umri huo alijua urefu wa mkono ulivyo, upana wa mabega, na aliona bila kupima kwamba fulana hii haimtoshi mtoto wa miaka kumi na moja. Ilikuwa ya mtoto wa miaka saba. Aliipima hata hivyo, kwa shubiri, mara mbili, kisha akaikunja sawasawa mikono ikiwa ndani, akaiweka chini kabisa ya sanduku.

Véronique alikuwa amesimama mlangoni.

"Mama Abi, wewe alikupa nini?"

"Nguo," alisema Léonie, akifunga sanduku upesi asije akaiona. "Ni kubwa kwangu, nitaibakisha."

Akachukua madaftari, akaendelea kusahihisha kutoka pale alipoachia.